Dola kumi za yangeyange, dola moja ya Sandy: mazingira katika hadithi fupi za Kimarekani

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasoma fasihi mwaka wa tatu na nimepanga kuandika tasnifu kuhusu mazingira katika hadithi fupi za zamani za Marekani. Msimamizi wangu ana wasiwasi. Anasema fikra za Wamarekani kuhusu mazingira ziko kwenye insha, kuanzia Walden ya Thoreau ya mwaka 1854, na kwamba kwenye hadithi nitakuta misitu na mito kama mandhari tu, halafu nitalazimisha maana isiyokuwamo. Je, kuna kitu cha kweli humo? Na kama kipo, nianze na hadithi ipi?

JIBU: Marahaba. Kipo, tena kingi. Lakini msimamizi wako hajakosea kuwa na wasiwasi. Nimesoma kazi nyingi za wanafunzi zinazokusanya aya za machweo, ukungu na miti mirefu, kisha zinahitimisha kwamba mwandishi alipenda maumbile. Hoja hiyo haimpeleki mtu popote. Karibu kila mwandishi hupenda machweo.

Nakushauri utafute kitu kingine. Katika kila hadithi uliza: ni nani amekuja kuchukua kitu kutoka kwenye ardhi hii, anakitaka kwa ajili gani, na bei yake ni shilingi ngapi, au kwa hapa, dola ngapi? Hadithi fupi haina nafasi ya kuhubiri kama insha. Nafasi yake ni ya tukio moja: mtu anataka ndege, gogo, utomvu au ngozi, na mtu mwingine anatakiwa kumpa au kumnyima. Waandishi bora wa Marekani waliliona hilo mapema sana, na wawili kati yao walitaja hadi kiasi cha fedha.

Wa kwanza ni Sarah Orne Jewett, na hadithi yake ni "A White Heron" ya mwaka 1886. Jewett alizaliwa mwaka 1849 huko South Berwick, mji mdogo wa jimbo la Maine. Baba yake alikuwa daktari, na binti alizoea kufuatana naye alipokwenda kutibu watu mashambani. Mhusika wake mkuu, Sylvia, ana miaka tisa. Miaka minane ya mwanzo aliishi kwenye mji wa viwanda uliosongamana, kisha bibi yake akamchukua shambani. Jioni moja ya Juni anamswaga ng'ombe kurudi nyumbani, mara anasikia mluzi msituni. Mpiga mluzi ni kijana mwenye bunduki begani, mkusanyaji wa ndege. Anawapiga risasi, anawakausha na kuwahifadhi, na tayari anao makumi kwa makumi. Sasa anamtafuta yangeyange mweupe aliyemwona upande huo. Atakayemwonyesha atapata dola kumi.

Bibi na mjukuu ni maskini. Usiku ule Sylvia anajaribu kupiga hesabu ya vitu ambavyo fedha hiyo ingenunua, hesabu haiishi.

Ona sasa jinsi Jewett alivyomchora mwindaji. Hakumfanya katili. Ni mpole na mwenye adabu, anawajua ndege na tabia zao, na anampa Sylvia kisu cha kukunja ambacho kwa mtoto yule ni hazina. Sylvia anaanza kumpenda. Katikati ya siku yao nzuri ya kutembea msituni, Jewett anapitisha jambo moja kwa haraka: mtoto haelewi kwa nini kijana huyu anawaua ndege walewale anaoonekana kuwapenda sana. Kwangu mimi hadithi nzima imesimama juu ya mshangao huo. Anayeua hapa ana elimu, tena anampenda anayemuua, na kuua ndiyo njia yake ya kujua. Kabla ya alfajiri Sylvia anapanda msonobari mrefu kuliko miti yote, anaiona bahari kwa mara ya kwanza maishani, anamwona yangeyange akiruka, anajua kiota kilipo. Naye amejua, lakini ndege bado yu hai. Insha ingehitaji kurasa nyingi kuzilinganisha elimu hizi mbili. Jewett anaziweka mbele yako kwa kumpandisha mtoto mtini.

Mwaka huohuo wa 1886, mtaalamu wa ndege Frank Chapman alitembea katika mitaa ya New York akihesabu kofia za wanawake. Alihesabu kofia 700, na zaidi ya 500 zilikuwa zimepambwa kwa manyoya ya ndege. Yangeyange waliwindwa zaidi wakati wa kuzaliana kwa sababu ndipo wanapoota manyoya marefu ya mapambo, kwa hiyo mzazi alipouawa makinda yalibaki kufa njaa kiotani. Ni mwaka huohuo pia ambapo George Bird Grinnell alianzisha chama cha kwanza cha Audubon cha kulinda ndege. Sheria ya Lacey, iliyopiga marufuku biashara ya kuvusha kati ya majimbo wanyama na ndege waliowindwa kinyume cha sheria, ilikuja mwaka 1900, na sheria ya ndege wahamao mwaka 1918. Tafadhali usiandike kwamba Jewett ndiye aliyezileta sheria hizo. Andika kwamba hadithi yake ilizaliwa katika mjadala uleule, na kwamba yeye alichagua upande mgumu zaidi wa mjadala. Wengi walilaumu wauza kofia na wanawake wa mjini. Jewett alimleta mtu wa sayansi, mtu ambaye msomaji wake angemkaribisha sebuleni, akauliza kuhusu huyo.

Usiupite ule msonobari haraka. Jewett anasema ni wa mwisho wa kizazi chake. Wakata miti walioiangusha mingine walishakufa zamani, na hakuna anayejua kwa nini huu uliachwa, pengine kama alama ya mpaka. Kwa hiyo msitu wa Sylvia si bikira. Umeshakatwa mara moja, ukaota tena. Vilevile mtoto wa kiume wa bibi, aliyekuwa mwindaji hodari, ameondoka kwenda California. Jewett anaandika kuhusu nchi iliyokwisha kutumiwa na kuachwa na sehemu ya watu wake, na humo ndimo anamoona cha kulinda. Mkazie msimamizi wako hilo, kwa sababu wengi hudhani fikra za mazingira za karne ile zilihusu nyika isiyoguswa peke yake.

Mwishoni Sylvia anarudi na gauni limechanika na kugandamana utomvu, bibi na mgeni wanamngoja mlangoni aseme, naye hasemi. Hapo wahakiki wengi hushangilia na kufunga kitabu. Jewett hafungi. Anakumbusha kwamba mtoto amempoteza rafiki, kwamba dola kumi zingewatajirisha, na anauliza kama ndege walikuwa marafiki bora kuliko ambavyo mwindaji angekuwa. Hajibu. Uhifadhi una gharama, na katika hadithi hii anayeilipa ni mtoto maskini asiye na kitu. Ukiishi karibu na hifadhi yoyote duniani, utajua swali hilo halijazeeka.

Wa pili ni Charles Chesnutt, na hapa naomba uniruhusu nikae kidogo, kwa sababu naamini ndiye anayehitajika zaidi katika tasnifu yako na ndiye utakayeshawishika kumwacha.

Chesnutt alizaliwa Cleveland mwaka 1858, akakulia Fayetteville, North Carolina. Alikuwa Mmarekani mweusi, ingawa kwa sura watu wengi wangemdhania mzungu. Hadithi yake "Po' Sandy" ilitoka katika jarida la The Atlantic Monthly mwaka 1888, kisha ikaingia katika kitabu chake The Conjure Woman cha mwaka 1899. Ni hadithi ndani ya hadithi. Msimulizi wa nje ni John, mzungu kutoka Ohio aliyenunua shamba la zamani la watumwa ili alime zabibu. Mkewe, Annie, anataka jiko jipya lililojengwa kando ya nyumba, kama ilivyo desturi ya Kusini. Kwenye uwanja wao kuna jengo bovu lililowahi kuwa shule, na John anaona kwamba akilibomoa atapata mbao za bure. Wakiwa njiani kwenda kununua mbao zilizopungua, wanapita kwenye mashine ya kupasua magogo. Msumeno unaanza kulia ndani ya gogo, na mzee Julius, aliyewahi kuwa mtumwa na sasa ni mwendesha gari lao la farasi, anasisimka mwili. Damu yake, anasema, inaganda. Ndipo anapoanza kusimulia.

Sandy alikuwa mtumwa hodari wa kazi, na kwa sababu hiyo kila mtoto wa bwana wake alimtaka. Basi akawa anaazimishwa, mwezi huku, mwezi kule. Siku moja alipokuwa ameazimishwa, mlanguzi wa watumwa alipita, na bwana akamtoa mke wa Sandy kwa kubadilishana na mwanamke mwingine. Sandy aliporudi, bwana alimwambia anasikitika sana kuivunja familia, akampa dola moja.

Iweke dola hiyo kando ya zile kumi za yangeyange.

Baadaye Sandy anampata Tenie, na wanapendana. Bwana anapotaka kumwazimisha tena, Sandy analia kwamba heri angekuwa mti, au kisiki, au jiwe, kitu kinachoweza kukaa mahali pamoja. Tenie anafichua kwamba ana uganga, na anamgeuza kuwa msonobari. Mbwa wa kusaka watumwa wanafuata harufu hadi kwenye shina, wanaishia hapo. Usiku Tenie humrudishia umbo lake, wakakaa pamoja. Lakini mti nao haukuachwa kwa amani. Kigogota anaudonoa, na usiku Sandy anapokuwa mtu ana jeraha mkononi. Mtu anakuja kuukata ganda ili kukinga utomvu wa kutengenezea tapentaini, yaani mafuta ya msonobari, na Sandy anakuwa na kovu mguuni.

Jeraha hilo la tapentaini ni la kiuchumi kabisa. North Carolina ilikuwa kitovu cha biashara ya lami na tapentaini nchini Marekani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watumwa. Walichonga tundu chini ya shina la msonobari wa majani marefu, wakachubua ganda juu yake, utomvu ukatiririka ndani ya tundu. Mti uliochubuliwa hivyo mwaka baada ya mwaka ulidhoofika, ukaangushwa na upepo au moto. Msitu ulipochoka, biashara ikahamia kusini zaidi, Georgia na Florida. Misonobari hiyo iliwahi kutawala eneo la ekari zipatazo milioni 90, kutoka Virginia hadi Texas. Leo imebaki sehemu ndogo sana. Chesnutt hatoi takwimu hata moja. Anaweka chubuko moja kwenye mguu wa mtu mmoja.

Kisha Tenie anapelekwa kwenye shamba jingine kuuguza mkwe wa bwana, bila kupata nafasi ya kumwambia Sandy. Nyuma yake bwana anataka jiko jipya, na anauchagua msonobari ule kwa sababu ni mzuri. Shoka zinateleza, gogo linagoma kuburutwa. Tenie anarudi, anakuta kisiki kinachuruzika utomvu, anafuata alama za mburuzo mbio hadi kwenye mashine. Anajitupa juu ya gogo akilia, akimwomba Sandy asidhani kwamba alimtoroka. Wafanyakazi wanamwona mwendawazimu, wanamfunga, na gogo linapasuliwa mbele ya macho yake. Jiko linajengwa, lakini usiku linaguna na kulia, hakuna anayetaka kupika humo. Linabomolewa, mbao zinajengea shule. Tenie anaonekana akizungukazunguka hapo mpaka siku moja anakutwa amekufa sakafuni. Shule hiyo ndiyo jengo bovu la John.

Julius anapomaliza, Annie anasema kwa huzuni: ulikuwa mfumo wa namna gani huo, ulioruhusu mambo kama hayo kutokea! John anashangaa: yaani unaamini mtu anaweza kugeuka mti? La, anajibu, si hilo. Mume na mke wamesikia hadithi moja, mmoja amesikia uchawi, mwingine amesikia mfumo. Annie anakataa mbao za zamani, na baadaye Julius anaomba jengo litumiwe na kundi la waumini waliojitenga na kanisa lao. Wahakiki hupenda kumwita Julius mjanja kwa sababu hiyo. Mimi naona amefanya jambo zito: mbao ambazo John aliziona ni mali isiyo na historia amezirudishia jina la mtu.

Utajiuliza: Chesnutt alikuwa anaandika kuhusu utumwa, mimi nikisoma mazingira si ndiko kulazimisha kwenyewe? Hapana, maadamu umeshika kanuni moja. Usimfanye Sandy kuwa alama ya miti. Ukifanya hivyo utakuwa umempasua mara ya pili. Soma kinyume chake: mkono uliomhesabu mtu kuwa mali ndio uliouhesabu msitu kuwa mali, kwa daftari lilelile, na hadithi inakuonyesha mwili mmoja ukipokea majeraha ya namna zote mbili. Sandy alidhani mti una usalama kwa sababu haununuliwi na kuazimishwa. Chesnutt anaonyesha kwamba katika uchumi ule hapakuwa na umbo la kujificha ndani yake.

Kwa Jack London nitakuwa mfupi, kwa kuwa "To Build a Fire" imeandikwa sana. Hadithi inatokea Yukon, upande wa Kanada, ambako London mwenyewe alikwenda mwaka 1897 wakati wa mbio za dhahabu. Mtu asiye na jina anasafiri na mbwa katika baridi ya nyuzi 75 chini ya sifuri kwa kipimo cha Fahrenheit, karibu 59 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Mate yanapasuka hewani kabla hayajafika chini. Watu husoma hadithi hii kama vita kati ya binadamu na maumbile, na hapo wanapotea, kwa sababu baridi haipigani na mtu yeyote. Yenyewe ipo tu. London anasema wazi kwamba mtu huyu alikuwa mwepesi wa kuviona vitu, ila maana ya vitu haikumfikia.

Kuna jambo wanalolipita: kwa nini yuko njia ile peke yake? Amezunguka ili aangalie uwezekano wa kutoa magogo, masika yakifika, kutoka kwenye visiwa vya mto Yukon. Kumbe naye ni mtu aliyekuja kuchukua. Anakufa kwa sababu amewasha moto chini ya mti uliobeba theluji, na kila kijiti alichovuta kimeutikisa mti huo, mpaka mzigo ukaporomoka. Na London anasema kuhusu mbwa kwamba hapakuwa na urafiki kati yake na mtu yule, mbwa alikuwa mtumwa wake wa kazi. Ulinganishe pia na toleo la mwaka 1902 lililoandikwa kwa ajili ya vijana, ambapo msafiri ana jina, hana mbwa, na ananusurika na kupata somo. Mwaka 1908 London aliondoa jina, akaleta mbwa, akamuua mtu. Hoja nzuri iko kwenye mabadiliko hayo. Hata hivyo mlaumu kwa kimya kimoja. Elimu ya kuishi kwenye baridi ile katika hadithi yake inatoka kwa mzee mmoja mzoefu wa machimbo, na wenyeji wa Klondike, eneo la dhahabu huko Yukon, yaani watu wa Tr'ondëk Hwëch'in, ambao mbio za dhahabu ziliwaondoa mahali pao pa kuvulia samaki, hawamo kabisa.

Ernest Hemingway, katika "Big Two-Hearted River" ya mwaka 1925, anakufaa kwa kurasa za mwanzo. Nick, kijana anayeaminika kuwa ametoka vitani, anashuka kwenye treni huko Seney, Michigan, anakuta mji umeteketea na panzi wamekuwa weusi kwa kuishi kwenye majivu. Baadaye anapovua trauti, analowanisha mkono kabla ya kumshika mdogo anayemrudisha mtoni, kwa sababu mkono mkavu huondoa ute unaomkinga samaki na kuvu. Wengi husema ardhi ile iliyoungua ni vita ya kwanza ya dunia ndani ya kichwa cha Nick. Sawa. Lakini Michigan iliungua kweli, baada ya wafanyabiashara wa mbao kukata misonobari na kuacha matawi makavu chini, na mkono uliolowa ni adabu ya kweli kwa samaki wa kweli.

William Faulkner mwache mwisho. "The Bear" ya mwaka 1942 ni ndefu, na sehemu yake ya nne inaweza kukumeza muhula mzima. Humo Ike McCaslin anakataa kurithi shamba kwa sababu ya aliyoyasoma katika madaftari ya shamba ya familia yake kuhusu babu yake na watumwa, na msitu aliowindia unauzwa kwa kampuni ya mbao ya Memphis. Ni kazi kubwa. Lakini uhusiano kati ya kumiliki ardhi na kumiliki watu, anaoufikia kwa kurasa nyingi hivyo, Chesnutt alishauonyesha miaka zaidi ya 50 kabla yake kwa kurasa chache.

Kwa hiyo sura yako ya kwanza iwe Jewett na Chesnutt, bega kwa bega. Hadithi zao zinaachana kwa miaka miwili tu, 1886 na 1888. Kila moja ina kiasi cha fedha kilichotajwa na kila moja ina msonobari: katika moja mtoto yuko juu ya mti na ana uwezo wa kukataa, katika nyingine mtu yuko ndani ya mti na hana. Haki za kunakili zimekwisha, zote zinapatikana bure kwenye intaneti. Chesnutt ameandika maneno ya Julius kwa lahaja na tahajia ngumu, kwa hiyo yasome kwa sauti, polepole. Na kabla ya kukutana tena na msimamizi wako, msomee ile sehemu ya Tenie kwenye mashine ya kupasua magogo, kisha umwulize kama hayo bado ni mandhari.